Wauza almasi watueleze mkato, si karati pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jinsi almasi zinavyouzwa katika baadhi ya maduka ya sonara hapa Nairobi. Kijana anayetafuta pete ya uchumba huulizwa ana shilingi ngapi, akaonyeshwa jiwe na kutajiwa karati zake, na mazungumzo yakaishia hapo. Karati ni uzito tu, gramu 0.2 kwa kila moja, na uzito haumwambii mtu kama jiwe ni zuri au ni bovu.

Almasi huthaminiwa kwa uzito, rangi, usafi na mkato. Taasisi ya Vito ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1931 na ambayo vipimo vyake vinafuatwa kote duniani, hupanga rangi kwa herufi, kuanzia D, jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z, lenye umanjano au ukahawia unaoonekana. Usafi, yaani kutokuwa na dosari ndani au juu ya jiwe, hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10.

Mkato ndio unaopuuzwa, ilhali kwa maoni yangu ndio muhimu zaidi kwa anayenunua jiwe la kuvaliwa. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri hupokea mwanga kwa juu, ikaurudisha kutoka nyuso za chini hadi machoni mwa anayeitazama. Ikikatwa kina kirefu mno au kifupi mno, mwanga hupotelea chini na jiwe likafifia katikati. Fundi anayetaka kuokoa uzito huliacha jiwe na tumbo nene, kwa hivyo almasi ya karati moja, ambayo kwa kawaida ingekuwa na upana wa karibu milimita 6.5, huonekana ndogo kuliko hivyo ingawa mnunuzi amelipia karati nzima. Isitoshe, bei ya kila karati hupanda ghafla uzito unapofika karati moja kamili. Mwenye kuchagua jiwe la karati 0.95 lenye mkato bora hulipa pesa chache, na ni vigumu kwa jicho kutambua upungufu huo.

Taa kali za dukani nazo hulifanya karibu kila jiwe limetemete. Mnunuzi na aombe kulitazama karibu na dirisha, na ikiwezekana alione kabla halijafungwa kwenye pete, kwa sababu dhahabu ya manjano huficha umanjano wa jiwe na vikucha vya pete huweza kufunika dosari ya ukingoni. Wathamini wenyewe hulilaza jiwe kifudifudi mahali peupe na kulitazama kwa ubavu, wakililinganisha na mawe ya mfano ambayo rangi yake inajulikana.

Kuna pia almasi zinazotengenezwa maabarani, teknolojia iliyoanza miaka ya 1950. Hizo ni almasi halisi kwa kemia na kwa ugumu, na kile kifaa kidogo cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto ambacho wauzaji hupenda kukigusisha kwenye jiwe hakiwezi kuzitofautisha na zilizochimbwa ardhini. Bei ya almasi hizo, hata hivyo, ni ya chini sana. Sina ugomvi na anayeziuza. Ugomvi wangu ni na anayezinyamazia, kwani Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa.

Kwa hivyo naomba wizara inayohusika na biashara iwalazimishe wauzaji kuandika kwenye risiti uzito, rangi, usafi na daraja la mkato, kama jiwe limechimbwa au limetengenezwa, pamoja na nambari ya cheti cha maabara ya kupima vito isiyo na hisa katika mauzo hayo. Mawe mengi yenye cheti huchongwa nambari hiyo kwa leza kwenye ukingo wake, na muuzaji mwenye lenzi anaweza kumwonyesha mteja papo hapo kabla hajapokea pesa zake.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi