Nani amekuona leo? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Kama unaisoma barua hii, basi umeshafika Mbagala Rangi Tatu mchana, kwa miguu yako, na kondakta amekukabidhi boksi. Nimeiweka chini kabisa, chini ya korosho, maana ningeituma kwenye simu ungenijibu kidole gumba ukaendelea na kazi. Mjomba wako alitaka kulipokea boksi akuletee mpaka Goba. Nimemkatalia. Panda daladala mwenyewe, ubanwe, ukanyagwe, ubishane na konda kuhusu chenji.

Mjomba wako ameshanieleza alichokikuta kwako Jumapili ile. Usimkasirikie. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, unajua, na mimi baba kwa mengi huwa nakaa pembeni. Safari hii neno amenirudishia mwenyewe. "Shemeji, andika wewe," akakata simu.

Anasema aligonga saa saba mchana, akagonga sana. Ukafungua huku umefumba jicho moja kwa ajili ya mwanga. Dirishani umetundika blanketi, siyo pazia, blanketi lile la mama yako. Ulimkaribisha vizuri, heshima unayo, hilo sitalisema vibaya. Ukachemsha maji, ukatia sukari, ukakoroga, ukampa kikombe na wewe ukachukua chako. Hakuna majani ya chai. Maji ya moto na sukari, basi. Yeye akanywa mpaka chini kwa adabu. Wewe nawe ukanywa mpaka chini, hukugundua.

Makopo ya enaji chini ya kitanda, chipsi za jana yake, hayo nimeyasikia na nimeyapita. Vijana wote wako hivyo. Ni hiyo chai iliyoninyima usingizi.

Sasa nakuuliza, na humu ndani nitakuuliza mpaka unichoke: leo nani amekuona?

Sisemi kwenye kioo cha kompyuta. Nasema mtu aliyekutazama usoni akakwambia Hamisi, mbona umekonda, au mbona macho mekundu, au hata nipishe nipite. Umeniambia mwenyewe kazi yenu ni kuandika tu, mteja anaandika na wewe unaandika, hakuna anayesikia sauti. Tena umeniambia wamekupa jina, unaitwa Kevin. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki. Usiku kucha watu wa Chicago wanamtukana Kevin kwa sababu mzigo wao umechelewa, na Kevin anaomba radhi. Hamisi anaitwa na nani? Chakula unaletewa na bodaboda, unapokea mlangoni, unalipa kwa simu. Msikitini huonekani hata Ijumaa, na Ijumaa hao Wamarekani bado wamelala, kwa hiyo hiyo si sababu.

Miaka yangu ya ghalani unaijua, sina haja ya kukusimulia. Ila kuna jambo sidhani niliwahi kukueleza. Pale kwenye maghala ya korosho kila ghala lilikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwa waya. Kila saa, mlinzi anagonga. Wa ghala la pili anajibu, wa tatu anajibu, mpaka la mwisho kule upande wa bahari. Watu wa mjini walidhani tunatisha wezi. Wezi gani wa kutishwa na kengele? Tulikuwa tunaulizana kama tuko hai. Chuma kisipojibu, mtu anachukua tochi anakwenda kutazama. Mara nyingi unamkuta kalala juu ya magunia, unampiga teke, mnacheka. Ila usiku mmoja tulimkuta mwenzetu kaanguka, mdomo umepinda upande, na kwa kuwa chuma chake kilikuwa kimenyamaza kwa saa moja tu, alifika hospitali ya Ligula akiwa na uhai. Leo hii anauza mkaa.

Wewe chumba chako kikinyamaza, nani anachukua tochi? Hao wa Chicago wataona taa yako ya kijani imezimika, watampa mwingine hao wateja. Siwalaumu, wako mbali. Lakini hilo ndilo linalonila.

Ukaniambia baba, hii siyo zamu, nina uhuru wa kujipangia. Hebu tuupige hesabu uhuru huo. Sasa hivi Julai unaanza saa kumi na moja jioni, unamaliza saa saba usiku. Novemba, wakirudisha nyuma saa zao kama wanavyofanya kila mwaka, utaanza wakati wa magharibi na kumaliza saa nane. Jua letu halihusiki, lakini mwili wako utahamishwa. Haya, hiyo ingekuwa zamu na ningeikubali, watu wanalala mchana duniani kote. Lakini mjomba wako amekukuta saa saba mchana na spika moja sikioni, bado unajibu. Zamu yetu iliisha mtu alipokuja kupokea funguo. Yako hakuna anayekuja kupokea.

Tena sisi walinzi, wadogo tulivyokuwa, tulikuwa na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, karani wetu aliibandika ukutani: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, kila wiki mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Nilipokuuliza kama wanakulipa ya usiku ukanijibu wewe si mwajiriwa, ni mkandarasi huru. Sawa. Fundi anayetujengea choo naye ni mkandarasi huru, na saa kumi na moja jioni anaosha mwiko anaondoka, hata umbembeleze. (Choo chenyewe kimefika kwenye lenta. Nitalieleza huko chini.)

Dada yako nilimpa habari hii alipotoka kazini, hata sare hakuvua. Akaniambia Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa moyo iko juu kwa asilimia 17. Nikamwambia kiharusi nimekiona kwa macho, niambie ya kichwa. Ndipo akanieleza sonona. Kwamba siyo huzuni ya siku moja. Ni mtu kukosa raha au kukosa hamu ya vitu alivyokuwa anavipenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unaharibika, unapungua au unazidi. Chakula hivyohivyo. Anajiona hafai. Akili haitulii, anasahau mambo madogo. Alipofika kwenye kusahau nikamwambia basi, inatosha.

Sisemi unao ugonjwa huo. Mimi si daktari, na dada yako kasema mtu hapimwi kwa habari za mjomba. Pia kasema kuna uchovu wa kazi tu, ambao wenyewe hao wakubwa wa afya hawauiti ugonjwa, na huo dawa yake inaanzia kwenye kazi yenyewe. Ndiyo maana nataka uende ukaulize wanaojua. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na uko Dar es Salaam hapohapo, huna kisingizio cha nauli. Huku kwetu ukisema kichwa hakiko sawa mtu anataja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kucheka. Wacheke. Mama yako yeye anataka kisomo. Kisomo tutafanya, ubwabwa utapikwa, masheikh watakula, nami nitaitikia dua kwa moyo wote. Lakini kisomo hakiwezi kushusha lile blanketi dirishani. Lishushe wewe, leo, kabla hujafungua hiyo kompyuta.

Na kama kuna siku inakujia fikra ya kutotaka kuamka kabisa, hiyo haisubiri zamu iishe, haisubiri mshahara. Unanipigia saa hiyohiyo. Mimi nikiwa nimelala mama yako hulala na simu. Ukishindwa kutupigia sisi, mgongee jirani mlango.

Usije ukadhani sijivunii. Pale kijiweni kwenye kahawa nimewachosha watu: mwanangu anafanya kazi Marekani bila kupanda ndege. Bati ulizoezeka zinang'aa mpaka barabarani. Ada ya mdogo wako imelipwa kabla shule haijafunguliwa, jambo ambalo katika nyumba hii halijawahi kutokea. Lakini pesa yako inafika hapa Mikindani mara nyingi kuliko sauti yako. Mama yako mwezi uliopita alipata ujumbe wa muamala akasema, "Huyu mtoto kanitumia elfu hamsini ili nisimpigie." Ni maneno ya hasira, lakini niliyasikia nikakosa la kukutetea.

Mei 2024, mkongo wa baharini ulipokatika na intaneti ikapotea, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya kutukatia barabara kule Somanga, uliniambia kwamba umelala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu uanze kazi hiyo. Mama yako ananikumbusha nilichokujibu. Tuyaache hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba usisubiri nyaya zikatike chini ya bahari ndipo ulale.

Kitanda na kompyuta visikae pamoja. Najua ni chumba kimoja, basi geuza hata kiti, ukilala usiione. Asubuhi usiagize chapati, zifuate. Kuna mama anauza pale kwenye kona, mjomba wako kamwona, kakaa kwenye benchi lake na anasema supu yake nzuri. Keti hapo kila siku mpaka akujue jina, na siku usipofika aulize. Enaji acha. Kahawa kunywa, lakini na watu. Mpira ulikuwa unacheza, sijui umeishia wapi. Na huyo bosi wako mwandikie kwamba ukishamaliza saa zako hujibu tena mpaka zamu inayofuata. Akikuacha, akuache. Hatukula bati kabla hujaanza na hatutakufa njaa.

Nani amekuona leo, Hamisi? Unaona, nimerudi palepale.

Ya nyumbani sasa. Mama yako presha imeshuka ila chumvi haachi, anakula ming'oko, mizizi yetu ya porini, na pilipili na chumvi kama hajaambiwa kitu. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja kafa. Choo kimesimama kwenye lenta kwa sababu fundi anataka nondo mpya na mimi nasema zilizobaki zinatosha. Usitume pesa ya nondo, nimekwambia habari tu. Shamba la Nanyamba mikorosho imetoa maua vizuri, lakini ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua ya mikorosho, umeanza kuonekana upande wa chini. Salfa ya ruzuku nimeipata kwenye chama cha msingi, imebaki kukodi bomba na kununua petroli. Tunapulizia alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Saa tatu tumeshamaliza, nguo zote njano, mdogo wako anapiga chafya hadi jioni. Kuna kazi pale ya mtu wa kushika ndoo tu na kusema maneno mawili matatu. Kompyuta yako inafanya kazi popote, si ndivyo ulivyoniambia? Mtandao Mtwara mjini upo. Njoo wiki mbili za salfa, jioni ukawe Kevin, asubuhi uwe na sisi.

Kwenye boksi kuna korosho kilo nne, zimebanguliwa na mama yako mwenyewe kwa moto, zina weusi kidogo, usilalamike. Kuna samaki wakavu, fungia vizuri wasinukie chumba kizima. Na kuna ming'oko. Hiyo haikai, ichemshe leo. Nusu mpelekee mama mwenye nyumba wako, usitume mtoto, na ukimpa mkabidhi na ufunguo wa pili wa chumba chako. Mwambie siku asipokusikia akugongee, na usipoitika afungue. Usinitumie picha ya ufunguo kunionyesha kwamba umeutoa. Namba yake mjomba wako aliichukua siku ileile, kesho saa nne nitampigia mwenyewe.

Baba yako,
Mikindani