Tafuteni fundo kabla ya funzo: barua ya kumaliza muhula

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi wetu,
Wilaya ya Wete, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Muhula umemalizika salama, alhamdulillahi. Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii, na siku ya kufungua skuli imeandikwa chini yake. Paa la darasa la pili limeshatengenezwa. Wazee mliokuja na nyundo zenu Jumapili mbili mfululizo, nakushukuruni kwa moyo wangu wote. Choo cha wasichana bado hakijesha, na Kamati ya Skuli italileta jambo hilo mkutanoni. Mengine ya aina hiyo nayaacha kwa mkutano, kwa sababu karatasi hii nataka kuitumia kwa jambo moja ambalo limenishughulisha muhula mzima, na ambalo likizo hii litakuwa mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwangu.

Kila Alkhamisi, kipindi cha mwisho, darasa la nne na la tano walisoma ngano za kale: bata aliyetaga mayai ya dhahabu, mdudu chungu na nyenze, bahili aliyezika dhahabu yake, mcha Mungu na mtungi wake wa samli. Nilikuwa na nia mbili. Moja ni pesa. Watoto wetu wanashika pesa mapema, za mapumziko, za mkono wa Idi, za kuokota karafuu, na hakuna somo linalowafundisha la kufanya nazo. Ya pili ni insha. Insha za watoto wetu zina ugonjwa mmoja: "Siku moja nilikwenda Wete. Nikanunua viatu. Nikarudi nyumbani. Nikala. Nikalala." Kila sentensi ni sahihi, na hakuna kilichotokea.

Mwezi wa kwanza tulikosea, na kosa lilikuwa langu. Niliwaagiza walimu waandike funzo ubaoni kwanza, "Tamaa mbele, mauti nyuma," kisha ndiyo wasome hadithi. Watoto wakaliimba, wakalinakili, wakapata 10 juu ya 10. Wiki ileile niliwaona watoto walewale wamemaliza pesa zao kwa ubuyu na barafu mwanzoni mwa mapumziko, na kengele haijalia tena wameshaanza kukopa kwa wenzao. Methali ilikuwa mdomoni, haijashuka popote.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu wa darasa la tano. Alifuta ubao mzima akawaambia watoto: leo sitaki funzo, nataka fundo. Nionyesheni ni wapi hadithi imejifunga.

Fundo ni pale ambapo mtu ana njia mbili mbele yake na bado hajachagua, na msikilizaji anazuia pumzi. Kabla ya hapo kila kitu kinaweza kurudi kama kilivyokuwa. Baada ya hapo, hadithi inafunguka tu. Mtoto akishaliona fundo, tunamuuliza: yule mtu alikuwa na nini mkononi wakati ule? Alitaka nini? Alijua nini, na alidhani anajua nini? Maswali hayohayo ndiyo ya insha, na ndiyo ya mtu aliyesimama dukani na noti mkononi. Ndiyo maana sikuona tena haja ya kuyatenganisha masomo mawili.

Chukueni yule bata. Watoto wengi kwanza walisema fundo ni pale bata alipochinjwa. Wakaambiwa warudi nyuma kidogo. Wakalikuta usiku wa kuamkia siku ile, mwenye bata amelala macho juu anajisemea kwamba tumboni lazima mna hazina nzima. Alikuwa na nini mkononi? Yai moja kila siku. Wakapiga hesabu: kwa mwaka, mayai 365. Na tumboni mlikuwa na mangapi? Darasa likanyamaza. Kisha mtoto mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni kama kuvunja tawi."

Nyote mnajua alichokusudia. Mchumaji mwenye haraka huvunja tawi la mkarafuu ili achumie chini, apate pishi nyingi kabla ya jioni. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 mpaka uanze kuzaa, na ukitunzwa huzaa hata baada ya aliyeupanda kuondoka duniani. Tawi lililovunjwa leo halitakuwa na kitu msimu ujao. Hakuna mwalimu aliyemfundisha mtoto yule kulinganisha bata na mkarafuu. Alikuwa amekwisha kuliona lile fundo shambani kwao, alikuwa hana jina lake tu.

Siku hiyo tulizungumza pia juu ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichong'oa mikarafuu mingi ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa, hata kisiwa chetu kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Mtoto akauliza kama kimbunga kile ni fundo. Tulijibu hapana, upepo hauchagui. Fundo linamtaka mtu anayechagua. Aliyeng'olewa mikarafuu yake, fundo lake ni la asubuhi ya pili, akiwa na jembe mkononi. Nililikazia jambo hili kwa sababu sitaki mtoto yeyote wa skuli hii atoke darasani akidhani kuwa kila nyumba iliyopungukiwa imepungukiwa kwa uzembe. Wapo waliopitiwa na upepo. Mtoto ajue kutofautisha.

Wiki iliyofuata tukasoma ngano yetu wenyewe, ya kima na papa, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na watu wa Unguja. Ngano hiyo ina jamaa zake katika Kalila na Dimna, kitabu cha ngano ambacho mwandishi Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8, na asili yake ni Bara Hindi. Mnaijua: kima yuko juu ya mkuyu, kila siku anamrushia papa matunda, mpaka siku papa anamchukua mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nilidhani watoto watacheka tu kwa jibu la kima, kwamba moyo ameuacha nyumbani, hata papa akamrudisha mtini naye akaponyoka. Lakini msichana wa darasa la nne akasema papa ni yule yule mwenye bata. Alikuwa analishwa kila siku bila jasho, akautaka moyo, sasa hana moyo wala tunda. Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kuziona hadithi hizo mbili kuwa moja.

Nyenze ndiye aliyetuletea mgogoro, na huu nataka muujue, maana huenda umefika nyumbani. Hadithi ni ya Aesop, msimulizi wa ngano wa kale, ambaye Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anamtaja kuwa alikuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos huko Ugiriki. Wengi husimulia habari ya panzi, lakini katika Kigiriki chake ni nyenze, na nyenze watoto wetu wanamsikia kila siku juu ya miti. Aliimba msimu mzima wakati chungu anabeba nafaka. Baridi ilipoingia akaenda kuomba, chungu akamwambia: uliyeimba, basi sasa cheza. Sisi hatuna baridi ya Ugiriki, kwa hiyo tuliihamisha: chungu akawa mama anayelima mwani, anayekwenda pwani bamvua maji yanapokupwa mbali, anaanika, anauza, na anajua kwamba maji mafu, yasiyokupwa mbali, yatakuja na siku hizo hakuna cha kuvuna.

Hapo mtoto mmoja akasimama. "Mwalimu, jirani akija na njaa, tunamfukuza?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru kwamba sikulitoa. Mtoto huyu analelewa vizuri. Anajua zaka, anajua sadaka, anajua sahani inayofunikwa na kupelekwa nyumba ya pili kabla ya magharibi. Hadithi ilimwambia kitu ambacho kwao ni aibu. Tulitumia Alkhamisi mbili juu ya swali lake. Watoto wakagundua kwamba hadithi hii ina mafundo mawili: la nyenze, wakati wa mavuno, na la chungu, mlangoni. La kwanza ni la akiba. La pili ni la utu. Wengi wa wanaohadithia husimama kwenye la kwanza na kulipita la pili kama halipo. Basi tukawaambia watoto waandike mwisho wao. Mmoja aliandika kwamba chungu alimpa nyenze chakula cha siku tatu, na bamvua iliyofuata akampitia alfajiri waende pwani pamoja. Mwingine aliandika kwamba chungu alikataa, kisha usiku hakulala. Zote mbili nimezibandika mlangoni mwa ofisi yangu.

Wanaozisoma ngano hizi kwa undani wanatuambia kwamba mingi ya ile mistari ya mafunzo iliyowekwa mwishoni iliongezwa na wakusanyaji wa baadaye. Mimi hilo limenipa moyo. Hadithi ilikuwepo kwanza, na msikilizaji aliachiwa kazi yake.

Bahili alitupitia upesi zaidi. Aliuza mali yake yote, akanunua donge la dhahabu, akalizika, akawa anakwenda kulitazama kila siku mpaka mwizi akaona njia yake. Watoto waligawanyika: wengine walisema fundo ni kuzika, wengine ni kule kwenda kila siku. Hapo lilizaliwa swali lililonifurahisha: akiba ya nini? Sasa vibubu vya watoto vina majina. Kuna kibubu cha viatu, kibubu cha mkoba, na kimoja kimeandikwa "cha bibi akiumwa". Mcha Mungu aliyepiga hesabu za mbuzi na ndoa na mtoto mpaka akaupiga mtungi wake wa samli kwa bakora, huyo waliigiza, na darasa zima lilipatwa na samli ya maji.

Sasa turudi kwenye ile insha ya Wete. Mwandishi wake aliulizwa kitu kimoja tu: ulipokuwa dukani, uliona nini? Akafikiri. Akasema niliona mpira. Mfukoni ulikuwa na ngapi? Elfu mbili, na mama alinituma sukari. Basi, akaambiwa, anzia hapo. Insha aliyoileta Jumatatu ina ukurasa mmoja na nusu, na nusu ya ukurasa yuko mbele ya ule mpira hajauchukua wala hajauacha, anahesabu sarafu, anamkumbuka mama yake na chai isiyo na sukari. Nilipoisoma nilisimama. Mzazi wake, nakuomba umwambie akusomee.

Wazee wangu, likizo hii inaingia na msimu wa karafuu. Nakuombeni machache.

Mtoto akiokota karafuu au akisaidia kuchambua makonyo, mpeni haki yake mkononi mwake, hata ikiwa ndogo, na mwacheni aiandike kwenye daftari: nimepata ngapi, nimetumia ngapi, juu ya nini. Kupanda juu ya mikarafuu ni kazi ya watu wazima, naomba hilo lisibadilike. Na skuli ikifunguliwa, karafuu zikiwa bado mitini, mtoto arudi darasani siku ya kwanza. Kila msimu kuna wanaochelewa wiki tatu, na kuwarudisha mahali pao huchukua miezi.

Kibubu cha mtoto msikivunje bila kumwambia. Najua shida zinavyokuja. Muhula huu mtoto mmoja alikuja skuli macho mekundu kwa sababu kibubu chake kilikutwa kimevunjwa, na kwa wiki mbili hakutaka kuweka hata shilingi 100. Mkihitaji, mkopeni kama mnavyomkopa mtu mzima: mwambieni kiasi, mwambieni siku ya kulipa, mlipeni siku hiyo. Atakuwa amejifunza deni kwa watu anaowaamini kuliko wote.

Akitumwa dukani, mwacheni alete chenji na hesabu yake, na akikosea msimpige. Muulizeni ilikuwa wapi ilipoanza kupungua.

Na usiku, umeme ukiwepo au usipokuwepo, wahadithieni. Paukwa, pakawa, kama tulivyohadithiwa sisi. Mkifika pale penye fundo, nyamazeni kidogo. Ulizeni: wewe ungefanyaje? Hadithi ikimalizika, msimwambie mtoto inafundisha nini. Mwacheni alale nayo.

Alkhamisi ya kwanza baada ya kufungua, kila mwanafunzi wa darasa la nne na la tano aje na hadithi moja aliyoisikia kwa bibi au babu yake, aliyoiandika au iliyo kichwani tu. Na bibi na babu wenyewe wanaalikwa. Tunaanza saa tano, chini ya mwembe, majamvi yatakuwa yametandikwa, na asiyeweza kukaa chini tutamtolea kiti.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu