Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kodi wa Marekani: picha moja si stoo nzima

Kwa Kamishna,
Idara ya Mapato ya Marekani (IRS)

YAH: UTHAMINI WA MALI ZA NYUMBA ZA SANAA BAADA YA KIFO CHA MWENYEWE

Mheshimiwa Kamishna,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi kazi yangu ni kutunza daftari la stoo katika nyumba ya sanaa. Naandika kwa Kiswahili ili wasome pia ndugu zetu waliofungua maduka ya michoro huku ughaibuni.

Kanuni yenu yasema thamani ni bei ambayo mnunuzi na muuzaji wangekubaliana kwa hiari, bila kushurutishwa. Kwa picha moja, sina neno. Lakini marehemu akiacha picha 300 za mchoraji ambaye soko lake linameza kumi kwa mwaka? Ukizithamini moja moja kisha ukajumlisha, unapata fedha zisizo mfukoni mwa mtu yeyote. Kodi ya mali ya marehemu nayo hufika asilimia 40, na yatakiwa ndani ya miezi 9. Warithi wakimwaga mzigo wote sokoni, bei imekufa.

Hili si geni kwenu. Mchonga sanamu David Smith alifariki mwaka 1965 akiacha sanamu 425. Mwaka 1972 Mahakama ya Kodi ilikubali kwamba wingi hushusha bei, ikaamua thamani ya zote ni dola milioni 2.7, ilhali ofisi yenu ilitaka zaidi ya milioni 4. Tangu hapo punguzo hilo halijawekewa kipimo. Kila familia huanza mabishano upya, na wakili analipwa kwa saa.

Ukaja mzozo wa Ileana Sonnabend, mfanyabiashara wa sanaa aliyefariki mwaka 2007. Katika mali zake ilikuwemo kazi iitwayo Canyon ya msanii Robert Rauschenberg, yenye tai aliyekaushwa, ndege ambaye sheria za Marekani zinakataza kumuuza. Warithi wakaandika sifuri. Jopo lenu la washauri wa sanaa likasema milioni 65. Angezitoa nani, halafu akamatwe? Mwaka 2012 mliyamaliza, kazi ikaenda MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa hapa New York.

Jopo hilo nalipa heshima yake: haliambiwi kodi inayohusika ni ipi, hivyo halina sababu ya kupendelea. Shida ni swali linaloulizwa: bei ni ngapi, si kama yupo wa kuilipa.

Sikuombi mpokee picha badala ya fedha, kama wanavyoweza kufanya Uingereza. Hilo ni la Bunge lenu. Naomba mwongozo wa maandishi: punguzo la wingi lipimwe kwa mauzo halisi ya nyumba husika kwa miaka mitano kabla ya kifo, tena kabla ya kufikishana mahakamani. Na wakaguzi watenganishe mapema mali ya marehemu na zile tulizopokea kwa mali kauli. Hizo zina wenyewe, wako hai, na wanasubiri chao.

Wasalaam,
Mtunza stoo, New York