Barua kwa mwanangu: kikombe cha bibi

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hatujambo, ila bibi yako bado anakililia kile kikombe ulichokiangusha likizo. Siku ile alisema "maji yakimwagika hayazoleki," akaendelea kuchambua mchele. Wewe ukaniuliza: kwa nini hayazoleki? Nilikujibu ovyo, ugali ulikuwa jikoni.

Ajabu ni kwamba sheria za mwendo hazikatazi vigae vya kikombe kuruka kutoka sakafuni na kuungana. Sheria hizo za Newton hukubali wakati uende mbele au nyuma sawasawa. Kinachokataza ni hesabu. Zile karata zetu 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi mno, idadi yake ina tarakimu 68. Ukishazichanga, utazichanga mpaka lini ndipo zirudi kama zilivyotoka dukani? Na chembe za kikombe ni nyingi kuliko karata, hazina mfano. Namna za kuwa kizima ni chache; za kuwa vigae, usiulize. Mwanafizikia Clausius alikiita kipimo cha mvurugiko huu entropia mwaka 1865, kisha mwenzake Boltzmann akaonyesha kuwa ni kuhesabu namna hizo tu. Fomula yake imechongwa kaburini kwake, Vienna.

Sasa panaponikosesha usingizi. Hesabu hiyohiyo ukiigeuzia nyuma, inadai jana nayo ilikuwa imevurugika kuliko leo. Wapi! Jana ilipangika zaidi, na juzi zaidi ya jana, hadi mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mabaki ya joto la enzi hizo, ambayo wanasayansi Penzias na Wilson waliyanasa kwa antena yao New Jersey, Marekani, mwaka 1964, yanalingana karibu kila upande wa mbingu. Nilidhani kulingana huko ndiyo vurugu yenyewe. Kumbe kwa vitu vinavyovutana, kutandazwa sawasawa ndiyo hali adimu. Vikiachwa vitashikana mabonge, na mabonge hayo ndiyo nyota.

Ulimwengu ukatanuka, ukapoa. Leo anga lina baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, ndiyo maana jua lina pa kumwaga joto lake. Anga lote lingekuwa na moto wa jua, mpunga usingeota, wala bibi asingekuwa na mchele wa kuchambua.

Nani alizipanga karata mwanzoni? Wanafizikia bado wanabishana.

Bibi nimemnunulia kikombe kingine, cha bati. Anasema kinaharibu chai.

Mama yako