Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi katika Ufunguzi wa Maonyesho ya Sanaa Dhahania

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya. Kazi utakazozikagua hazina sura ya mtu, mti wala nyumba. Wengi wakisimama mbele yake huuliza, "Hii ni nini?" Tunakuomba leo uanze na swali jingine: imetengenezwaje? Ukilijua hilo, mengine yatajieleza.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukuta wa kushoto unafuata njia ya msanii El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Malighafi yake ni vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali, na hakuviteua kwa urembo wa rangi tu: pombe ya aina hiyo ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika biashara iliyounganisha Ulaya, Afrika na Amerika enzi za utumwa. Wasaidizi wake hubamiza, hukunja na kusokota vifuniko, kisha huviunga kwa waya wa shaba kuwa vipande. Yeye huvipanga vipande hivyo na kuvihamisha mpaka aridhike, ndipo viunganishwe kuwa pazia la maelfu ya vifuniko. Pazia hilo halina mkao mmoja. Kila ukumbi hulitundika na kulikunja upya.

Kazi yenyewe inataka subira. Kifuniko hukatwa kichwa, hupasuliwa ubavuni kwa mkasi na kufunguliwa kuwa utepe. Makali hukunjwa ndani, la sivyo yatakata vidole, na baadaye yatakata waya. Kila pembe hutobolewa kwa msumari mwembamba, kiasi cha milimita 3 kutoka ukingoni. Ukitoboa karibu zaidi, alumini huchanika kwa uzito. Waya husokotwa mizunguko miwili au mitatu, basi. Shaba ikisokotwa mno hukakamaa na kukatika papo hapo. Tena waya uachwe na nafasi kidogo: ukikazwa, unapata bati gumu badala ya kitambaa kinacholainika ukutani. Safu ya juu ndiyo inayobeba mzigo wote, kwa hiyo hufungwa waya mara mbili.

Kwetu sisi wa mwambao kuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, ikatoa unga mweupe kuzunguka tobo. Kazi ya namna hii haifai kutundikwa barazani.

Ukuta wa kati ni wa rangi za mafuta, kwa mbinu iliyotumiwa na mchoraji Gerhard Richter wa Ujerumani: rangi hupakwa, kisha ubao mrefu wa plastiki ngumu wenye mpini huburutwa juu yake, ukibeba rangi hapa na kuifichua ya chini pale. Siri iko kwenye muda. Tabaka la chini likiwa bichi kabisa, rangi zote huchanganyika zikawa tope. Likiwa limeshika nusu, huvuliwa vipande vipande, na mara nyingi huo ndio uzuri unaotafutwa. Tabaka la juu lisiwe na mafuta machache kuliko la chini, maana litatangulia kukauka na kupasuka huku la chini likiendelea kusogea. Na kanvasi ipakwe kwanza jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, walau mara mbili, kwani mafuta yakiingia kwenye nyuzi huzifanya kavu na dhaifu.

Mwishoni kuna michoro ya wino juu ya akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, kwa mfano wa mchoraji Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa. Mistari hufunikwa kwa tabaka angavu linaloonyesha kilicho chini, tabaka likishakauka vizuri hupigwa msasa, kisha mistari mingine huchorwa juu. Akriliki isizimuliwe kwa maji mengi. Gundi yake hutawanyika na rangi hutoka ukiipangusa.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, jeso, waya wa shaba na plaizi za kutosha. Pili, chumba chenye madirisha pande mbili, kwa sababu mvuke wa tapentaini, kimiminiko cha kuzimulia rangi za mafuta, huumiza kichwa na mapafu. Tatu, na hili ndilo tunaloliombea haraka, pipa la chuma lenye mfuniko. Matambara yaliyofuta mafuta ya kitani, yaliyomo katika rangi za mafuta, yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto pasipo kiberiti. Kwa sasa yanalowekwa kwenye ndoo ya maji nje ya darasa.

Tunaomba kuwasilisha.