Kwenu wanafunzi wa uhandisi mnaojaza daftari usiku mmoja

Wanangu,

Nimeletewa madaftari kumi na moja ya mafunzo kwa vitendo niyatie saini. Tisa sijayagusa. Wino ule ule, mwandiko ule ule wa mbiombio, wiki nane zimeandikwa kwa usiku mmoja. "Leo nimejifunza matengenezo ya pampu." Kesho yake: "Nimeendelea kujifunza matengenezo ya pampu." Pampu gani? Ilikuwa inaumwa nini? Nani aliifungua, na wewe ulishika nini?

Mwenye daftari hilo namkumbuka vizuri, maana siku ya pampu nilikuwepo. Mota ilikuwa inanguruma. Fundi wetu, mzee asiye na shahada, alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye kasha la beringi na mpini sikioni, akafumba macho. Beringi ya nyuma ilivuma vizuri. Ya upande wa kaplingi, kiungo cha mota na pampu, ilikwaruza kama mchanga unaosagwa. "Hii imekwisha," akasema, "ila haikujifia yenyewe." Tukapima, tukakuta shafti ya mota na ya pampu haziko kwenye mstari mmoja. Tungebadilisha beringi tu, na mpya nayo ingekufa kabla ya siku zake. Kijana wetu anajua kukokotoa umri wa beringi bila kufungua kitabu, na hilo nampa. Lakini fundi alipomnyooshea bisibisi asikilize, aliinua macho kutoka kwenye simu akajibu, "Nimeshaona." Ameona nini, kitu cha kusikilizwa?

Niliudhika, sifichi. Na bado sijapoa.

Lakini nikiwachapa ninyi peke yenu nitakuwa mnafiki. Viwanda vinawapokea kisha vinawaweka kwenye mashine ya fotokopi. Vyuo vinawatuma bila kujua mnakwenda kufanya nini, mhadhiri anapita mara moja, anapiga muhuri, huyoo. Hati za ushirikiano zinasainiwa mbele ya kamera, na hakuna fundi aliyetengewa hata saa moja kwa wiki ya kuwafundisha. Mhandisi Herman Schneider alipoanzisha utaratibu huu wa kusoma na kufanya kazi kiwandani Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, alianza na wanafunzi 27, wakipokezana wiki ya darasani na wiki ya kiwandani. Wawili walishika nafasi moja: mmoja akirudi darasani, mwenzake anaingia. Kwa hiyo mwajiri alikuwa na kazi halisi inayomsubiri mtu, na asipofika pengo linaonekana. Ninyi msipofika, nani anajua? Aibu hiyo ni yetu wazee.

Mengine nayataja tu. Jueni jina la kila fundi. Msiguse swichi msiyojua inawasha nini. Ukiharibu, sema kabla hujaulizwa. Mradi wa mwaka wa mwisho utoeni kwenye tatizo mliloliacha kiwandani, si kwenye mradi wa kaka yenu wa mwaka juzi. (Ndiyo, tunaufahamu. Tumeshausoma mara tatu.)

Madaftari tisa yako mezani kwangu. Njooni mmoja mmoja, sina kiboko. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichokiona kikiharibika, anichoree, anieleze kiliharibika kwa nini. Wewe wa pampu, pitia kwanza kwa fundi. Bisibisi bado anayo.