Barua kutoka Chicago: majina ya wazee wa reli

Chicago, Septemba 14

Dada Mama Neema,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, mwambie habari za goti nimezisikia na dawa ya kuchua anakuja nayo yule kijana wa Kibosho mwezi wa kumi na mbili, akija kuhesabiwa nyumbani Krismasi. Barua hii msomee jioni akishakunywa uji wake, ila ukikuta nimechora msalaba pembeni, ruka. Ukifika hapo utaelewa.

Ujumbe wa kamati ya kumbukumbu ya Baba na kujengea kaburi lake nimeupata, pamoja na ule wa sauti wa Baba Mdogo, dakika kumi na mbili nzima. Milioni nne na laki mbili. Orodha nimeisoma mara tatu nikiwa ndani ya basi: zege, marumaru, ng'ombe mmoja, mbege, turubai, viti mia tatu, mtu wa video, matarumbeta. Matarumbeta, Dada! Kwa Baba yule yule aliyekuwa akitoka zamu ya usiku anatufukuza uani pamoja na kuku ili apate usingizi.

Ya hela nitayafikia. Kwanza habari yangu. Nimeingia reli. Ndiyo, mimi, mtoto wa kota za reli Moshi, niko reli ya Marekani tangu Machi. Tafadhali msitangaze kanisani kwamba naendesha treni. Nasafisha mabehewa usiku yakiwa yadi. Lakini mwezi uliopita muda wa majaribio uliisha, nikapewa kadi ya chama cha wafanyakazi. Ni kadi ngumu, ina namba, na majina yangu yote matatu yameandikwa bila kukosewa hata herufi moja, jambo ambalo huku sijaliona tangu nishuke kwenye ndege. Ninaitembeza mfukoni mwa shati kama Baba alivyotembeza ile yake. Bima ninayo, saa za ziada zinalipwa. Baridi ipo, tuiache.

Sasa sikiliza. Jumatatu ya kwanza ya Septemba huku ndiyo sikukuu ya wafanyakazi. Mei Mosi hawana habari nayo, ingawa chanzo chake ni damu iliyomwagika hapa hapa Chicago mwaka 1886. Mzee mmoja wa zamu yangu, Mmarekani mweusi, akanichukua kwenda Pullman, kusini mwa jiji. Ni mji uliojengwa na tajiri mmoja, George Pullman, aliyekuwa akiunda mabehewa ya kulala. Kiwanda chake, nyumba zake, duka lake. Mambo yalipoharibika akapunguza mishahara, kodi ya nyumba akaiacha palepale. Wakagoma 1894, mabehewa yake yakasusiwa karibu nchi nzima, serikali ikaleta askari, na kiongozi wao Eugene Debs akala miezi sita jela. Nilidhani Debs ndiye Kasanga Tumbo wao, yule aliyeongoza chama cha reli kwetu. Yule mzee akatikisa kichwa: chama kile cha Debs kilikuwa cha wazungu tu, weusi hawakupokelewa.

Weusi ndio waliokuwa wahudumu ndani ya mabehewa hayo. Wanatandika vitanda, wanang'arisha viatu vya abiria usiku, wanafika saa 400 kwa mwezi. Chama chao kilizaliwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, ambaye reli hakuifanyia kazi hata siku moja, na ndiyo maana walimchagua: usiyemwajiri huwezi kumfukuza. Ilichukua miaka kumi na mbili, wengi wakapoteza kazi, mpaka 1937 kampuni ikatia sahihi mkataba. Randolph alifariki 1979. Na shika hili umwambie mwalimu wa historia hapo mtaani: mwanamke mmoja aliyelelewa na Randolph katika mambo ya vyama, Maida Springer, alifika Dar es Salaam miaka ya 1950 na akawa mtu wa karibu wa Mwalimu Nyerere na Rashidi Kawawa. Yaani hawa wazee wa huku na akina Baba walikuwa wakisikilizana kwa mbali, sisi hatukujua.

Lakini kilichonichoma si hayo. Wahudumu wale abiria hawakuwaita kwa majina yao. Wote waliitwa George, jina la yule tajiri, kana kwamba ni mali yake. Yule mzee babu yake alikuwa mmoja wao. Akatoa picha kwenye pochi, ndogo, imechakaa pembe, kijana amevaa koti jeupe na kofia. Akaigeuza. Nyuma kuna majina kamili kwa kalamu ya risasi, ya babu na ya baba yake babu. Akasema bibi yake alikuwa akiwasomesha wajukuu yale majina kabla ya kuwapa chakula.

Halafu akaniuliza: na baba yako alifanya kazi na akina nani?

Dada, nikafungua mdomo. Nikasema Mzee Taa. Mzee Pointi. Mzee Mataruma. Yule wa Kigoma mwenye baiskeli. Nikakwama hapo. Wazee walionibeba mabegani, walionigawia mkate wao wa zamu, ninawajua kwa kazi zao tu, mmoja mafuta ya taa, mmoja koleo la njia panda, mmoja magogo. Nimepanda treni kurudi nyumbani sijasema neno.

Maana nilikuwa nimejitapa sana kabla ya hapo. Nilimwambia garimoshi lilipanda mpaka Moshi tangu 1911 likitokea Tanga, na Arusha likafika 1929. Sikumwambia kwamba baadaye abiria walikaa zaidi ya miaka ishirini bila treni, hadi Desemba 2019. Mambo ya nyumbani hayaanikwi. Baba hakuisikia honi ile. Mimi niliisikia kwenye simu yako, ulipokimbia na kanga moja mpaka stesheni, na nilikuwa kazini nikajifungia chooni.

(Hapa ndipo msalaba. Mama asisomewe.)

Baba Mdogo anasema kwenye sauti yake kwamba siku ya kumbukumbu "habari za chama zisiletwe kaburini," kwamba chama ndicho kilichotuletea njaa. Namwelewa, na wewe unajua namwelewa. Mwaka 1960 TRAU, chama cha wafanyakazi wa reli, walipogoma, karibu miezi mitatu bila mshahara, ada yake ya shule ndiyo iliyokatika, na hakurudi tena darasani. Kijana wa miaka kumi na minne. Ningekuwa mimi ningenuna pia, labda si kwa miaka sitini na mitano. Ila asiseme njaa. Bibi alishusha mikungu ya ndizi kutoka kihambani mpaka kota, kichwani, kila Jumamosi, na waliokula machalari yale ni wale wa Kigoma na Tabora waliokuwa hawana shamba karibu. Ndiyo sababu Mzee Taa aliponyonga kuku wake wa mwisho siku Mama alipojifungua wewe, hakuna aliyeshangaa. Hayo Baba Mdogo alikuwepo, aliyaona.

Baba hakuwa Kasanga Tumbo. Hakwenda London kuwa balozi, hakuwekwa kizuizini. Alikuwa katibu wa tawi, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya ada na kuandika kwenye daftari. NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote nchini, ilipokuja 1964 akaendelea kuandika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akaandika nani amebaki na nani kavuka mpaka. Alipostaafu, wengine katika wale wazee walikufa wakifuatilia mafao yao na bahasha ya kaki kwapani, na kila aliyekufa Baba aliweka alama mbele ya jina lake na tarehe. Hiyo ndiyo ibada yake niliyoiona kwa macho yangu.

(Msalaba umekwisha. Mama aendelee.)

Sasa zege. Huyo George Pullman alipokufa 1897, familia yake iliogopa wafanyakazi wasije wakamfukua. Wakamzika usiku, kwenye jeneza lenye bitana ya madini ya risasi, wakamwaga zege, wakalaza na vyuma vya reli juu, kisha zege tena. Mzee wangu wa zamu aliniambia haya huku akicheka mpaka akakohoa. Mwambie Baba Mdogo kwa heshima zote kwamba Baba hana wa kumfukua. Simenti ya msalaba na maua yale mekundu ya Mama yanatosha. Marumaru ziwekwe bafuni kwa Mama, ambako anateleza.

Nimetuma milioni moja na laki tano kwenye simu yako, si ya kamati. Mbuzi wawili, mbege, mchele, turubai. Ng'ombe kama wanamtaka wachange. Matarumbeta sitoi hata shilingi, na kama yatakuja yapige nje ya geti. Najua watasema huyu hakuja hata kuzika, leo anapanga kaburi. Waseme. Sababu mnaijua na sitaki kuirudia, ila usidhani kuna usiku ninaopita kwenye yale mabehewa matupu bila kuifikiria.

Ninachoomba ni kimoja. Baada ya sala, kabla ya chakula, Neema asimame asome majina ya wanachama wa tawi la Moshi, kama yalivyo kwenye daftari, waliokufa wote. Neema ana sauti. Asiharakishe.

Daftari liko kwa Baba Mdogo, kabati la kushoto, chini ya vitabu vya nyimbo, limefungwa kwa kamba ya katani. Nililiona mwaka ule nilipoondoka. Mpelekee sukari na ile koti niliyotuma, kaa naye, mwache alalamike mpaka amalize, halafu omba. Akikataa mwambie jina lake limo pia. Limo, Dada. Ukurasa wa 1960, Baba aliandika chini kabisa kiasi cha ada ya shule ya mdogo wake, kama deni la tawi. Sidhani Baba Mdogo amewahi kufika ukurasa huo.

Ukilipata nipigie picha kurasa zote, kwenye mwanga. Lakini kuna mmoja ambao una doa la mafuta ya taa kama sahani, Mzee Taa alishika daftari kutia sahihi bila kunawa, na Baba alimgombeza mpaka tukacheka. Jina lililo chini ya lile doa nitumie hilo kwanza, usisubiri mengine.

Mdogo wako wa Chicago